Picha ya Nzioka Niliyoiuza Bila Filamu

Kalekye, mwaitu,

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutokula vitu vya barabarani na ya vijana wa Makindu unakoenda kazini kesho, mama yako ameyasema tangu Alhamisi na bado anaendelea, namsikia kutoka hapa. Mimi sina la kuongeza. Vijana wa Makindu nawaonea huruma wao, maana najua ulimi wako ulitoka wapi.

Niko studio. Nimerudisha mlango, nimekaa kwenye kile kigoda cha wateja mbele ya pazia lililochorwa ndege, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Ni Jumapili, kanisani wameshatoka, jua bado liko juu. Nimeinuka mara tatu tayari. Mara ya kwanza kutafuta kalamu, mara ya pili kuangalia kama kuna kalamu ingine, na mara ya tatu sijui nilikuwa natafuta nini. Mtu wa darasa la sita akiandika, kiti kinaota miiba. Na hilo la sita lenyewe nusu yake nililisoma nikiwa nje ya dirisha, nimefukuzwa karo. Ukiona makosa, cheka polepole. Wewe una kidato cha nne, sawa, lakini kililipwa na nini? Picha za watu wakikimbiza mpira.

Nakuita mwaitu, yaani mama, kama siku zote, kwa sababu una jina la mama yangu, na kwetu mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako hata kama ni wewe ulimfundisha kutembea. Lakini leo hilo jina linanisumbua kidogo. Kuna kitu nataka kumwambia mtoto, na naona kama namwambia mama.

Ni juu ya Jumamosi, si ya jana, ile iliyotangulia.

Unakumbuka. Vijana wa soko na walimu, wanacheza kushindania fahali, uwanja umejaa mpaka juu ya miti. Filamu yako iliisha hafutaimu. Najua iliisha, kwa sababu niliiweka mimi mwenyewe na nilikuwa nahesabu kidole chako. Ukairudisha ndani ya kopo lake, ukaitia mfukoni, halafu kipindi cha pili ukaingia tena kando ya mstari na kamera tupu. Cha! Cha! Cha! Watu wanajipanga, wanashika kiuno, wanakupa depo, yaani pesa ya kutangulia. Kamera tupu inalia vilevile kama iliyoshiba. Ukaniangalia kutoka ng'ambo ya uwanja, ukanikonyeza.

Njiani kurudi uliongea peke yako. "Baba, si leo nimeuza kukushinda?" Nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa na kitu. Nilikuwa nimeona ujanja wangu kwenye mkono wako, basi.

Sasa usinune. Huo ujanja una jina, tunauita kupiga hewa, na sikuutoa kwa mtu, niliuanzisha mwenyewe. Ngoja nijisifu kwanza ndiyo nipate nguvu ya kusema hayo mengine.

Mimi ndiye nilikuwa mpiga picha namba moja kutoka Mutomo mpaka mto Athi, na namba mbili hakukuwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako, na hilo jina langu la Fleshi lilikuwa linafika uwanjani kabla yangu. Wengine walipiga harusi na picha za kitambulisho. Mimi nilienda kwenye michezo, kwa sababu niligundua kitu ambacho wenye darasa la kumi na mbili hawakukijua: bei ya picha ya mchezo haikai kwenye picha, inakaa kwenye pumzi ya mtu. Kabla ya firimbi, timu zote mbili zimeshinda. Hapo ndipo unatangaza bei, kwa sauti, bei moja, na hakuna anayebishana kwa sababu kila mtu anajiona ameinua kombe. Hafutaimu bila kwa bila, depo zinakuja kama siafu. Mpira ukiisha, timu moja haitaki kuona hata kivuli chake. Ukienda na bei yako wakati huo utauzia refa, na refa anataka kupunguziwa.

Hayo nilikufundisha. Timu iliyosimama na kuchuchumaa ni wanunuzi kumi na mmoja, lakini aliyekatwa bega halipi, kwa hivyo rudi nyuma hatua mbili hata kama kuna mbigili. Kipa hununua mbili, yake na ya mtu ambaye hataki kumtaja. Mwalimu wa michezo akisema shule italipa, mwambie shule haina mfuko wa suruali. Na upeleke picha kabla wiki haijaisha, vumbi likiwa bado kwenye viatu. Mchezo ukipoa, shilingi tano inakuwa mbili, halafu inakuwa "nitakuona soko ijayo". Yote hayo ni kweli na nayasimamia.

Kupiga hewa ndiko sikusimamii. Kulianza hivi: filamu ilikuwa ghali, inatoka Nairobi, na ukimaliza zile picha zake thelathini na sita katikati ya mchezo watu wanakuzomea. "Fleshi amekauka! Fleshi ni kiangazi!" Siwezi kuzomewa, unanijua. Kwa hivyo nikawa naendelea kuliza kamera tupu. Baadaye nikirudisha depo nasema picha iliungua kwenye kuosha, au Nairobi wameipoteza. Watu wanalaani Nairobi, mimi nanywa soda yangu. Nilijiona nina akili kushinda mkuu wa wilaya.

Halafu kukawa na michezo ya shule zote za tarafa hapa Ikutha, miaka ile tulikula mahindi ya njano ya msaada. Asubuhi nilipiga kuruka juu, kurusha mkuki, kwaya ya shule, mkuu wa tarafa akipokea maua. Saa saba filamu ilikuwa imekwisha. Bado mbio ndefu, zile za kuzunguka uwanja mpaka unamsahau aliyetangulia. Nikafanya kama kawaida yangu.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye kamba ya uwanja, amekuja kwa miguu na kijana wake tangu alfajiri. Sikumjua. Alinishika shati.

"Kijana wa kamera! Yule wangu, yule wa kitambaa kwenye kidole! Anakuja, anakuja, mpige!"

Nikaangalia. Kijana mrefu, miguu mitupu, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa cheupe kilichochanwa kwenye leso. Alikuwa wa nne. Nikapiga goti kwenye vumbi kama mtu wa gazeti. Cha!

"Umempata?"

"Mama, nimempata mpaka roho."

"Yukoje? Niambie."

Hapo ndipo niliponoga, mwaitu. Ningesema "yuko sawa" ikaisha. Lakini mdomo wangu ulikuwa na mafuta. Nikamwambia, "Miguu yote miwili iko hewani, mama, hagusi nchi. Mdomo umefunguka hivi, anacheka na upepo. Na kile kitambaa kinapepea nyuma kama bendera." Akashika mashavu. Akacheka mpaka machozi.

Halafu akanong'ona, ili wengine wasisikie, "Na wa nne anauzwa pesa ngapi?"

Alidhani wa nne ni rahisi kuliko wa kwanza. Nikamjibu kwa sauti, watu wasikie nilivyo mkubwa, "Mama, kamera yangu haijui kuhesabu! Wote shilingi tano!" Watu wakapiga makofi. Alinipa shilingi mbili na mayai matatu ya depo. Mayai niliyala jioni ileile, na mama yako akanisifu kwa kuleta mayai.

Kijana aliitwa Nzioka.

Soko lililofuata, Mama Nzioka alikuja. Nikamwambia bado iko Nairobi. Lililofuata, Nairobi. Alikuwa haniudhi, alikuwa ananisalimu kwanza, ananiuliza mtoto anakuaje, yaani wewe, halafu ndiyo anauliza picha. Nilikuwa nangoja achoke. Wote huchoka. Mvua za mwisho wa mwaka zikaja na homa, na kabla ya Krismasi Nzioka alikuwa amezikwa. Nilisikia nikiwa kwa kinyozi. Nilitoka na kichwa nusu.

Alikuja tena mwezi wa pili. Sikumwona akija, ningetoroka. Alisimama pale mlangoni pa studio, hapo hapo ninapotazama sasa.

"Fleshi, mwanangu. Ile ya miguu hewani, imerudi?"

Unajua mtoto wa shule wakati ule hakuwa na picha. Picha ilikuwa ya mtu mwenye kazi au mwenye kesi. Nzioka hakuwa amepigwa hata moja maisha yake yote, isipokuwa ile yangu, na yangu haikuwepo. Nikafungua droo, nikatoa shilingi ishirini. "Mama, nafikiri ilipotea. Chukua hizi."

Aliziangalia tu. "Mimi sikununua pesa," akasema. "Nilinunua mtoto wangu akikimbia. Ikirudi, utaniletea." Akafunga leso yake akaenda.

Hapo ningesema. Alikuwa hatua kumi. Kama ningesema wakati ule angenitukana, labda angenipiga na kikapu, watu wangecheka mwezi mmoja, na yangekwisha. Badala yake nilianza kubadilisha mahali pangu sokoni. Nikimwona upande wa mbuzi, mimi naenda upande wa nafaka. Miaka, Kalekye. Mtu mkubwa anazunguka soko kama mwizi wa kuku kwa sababu ya picha moja. Umewahi kuniuliza kwa nini siendi Makindu hata kwa mazishi ya jamaa. Nikakwambia vumbi la reli linanipa kikohozi. Mama Nzioka alihamia Makindu kwa binti yake. Anasuka vikapu na kuviuza pale mabasi yanaposimama, na Mzee Salim, huyo anayekuandika kazi, studio yake inaangalia hapo hapo. Ukifungua mlango kesho kutwa utamwona. Na wewe una meno yangu haya yenye pengo, na kwenye begi la kamera nilikopaka jina langu kwa rangi nyekundu kama mjinga, FLESHI, mtu anasoma kutoka ng'ambo ya barabara.

Nimeinuka tena. Nimeenda mpaka mlangoni, nikarudi. Mama yako amepita akachungulia.

"Unaandika Biblia ingine?"

"Namwandikia mtoto."

"Mtoto yuko hapo nyuma anafua. Ana masikio mawili."

"Hii ni ya kusoma."

"Eeh," akasema, na akaondoka na ile "eeh" yake.

Baada ya Jumamosi sikulala vizuri, kwa hivyo Jumatatu nilitoa yale makopo ya biskuti yenye negativu za zamani. Nilikudanganya kwamba naua mende. Nilishika kila kipande kwenye jua la dirisha. Ile ya asubuhi ya michezo nilipata siku ya tatu: msichana wa kuruka juu, yuko katikati kabisa, picha nzuri, niliuza nakala sita. Lakini nyuma yake, mbali, pale kona ya juu, kuna wavulana wamekaa chini wakingoja mbio zao. Vichwa kama mbegu za mtama. Mmoja ameinama, anashika mguu wake, na kwenye mguu kuna kitu cheupe.

Nikaikuza. Nikaikuza tena mpaka ikawa vidoadoa, punje tupu. Ninayo hapa. Kuna kijana mrefu, uso nusu, mkono kwenye kidole cha mguu. Asubuhi nasema ndiye. Mchana nasema hiyo nyeupe ni mkwaruzo wa negativu, na huyo ni mtoto wa mtu mwingine anayetoa mwiba. Sijui, na huo ndio ukweli wangu wote. Yule kijana nilimwona dakika moja tu, akipita mbele ya kamera iliyokufa. Mwenye kujua ni yule aliyefunga hicho kitambaa.

Mpango wangu ulikuwa hivi: nikupe bahasha, nikwambie ukifika mpe yule mama wa vikapu, mwambie imetoka kwa Fleshi. Nilikuwa nimeshaandika hata maneno ya nyuma ya picha. "Hatimaye imerudi." Fikiria. Miaka yote hii, na bado mkono unaandika kwamba imerudi. Imerudi kutoka wapi?

Nimeyafuta.

Mambo ya Jumamosi nayo nimeyashughulikia, usiniulize. Leo baada ya ibada nilisimama nje na zile depo ulizochukua kipindi cha pili, nikarudisha moja moja. Walikuwa tisa. Nikawaambia filamu ilikuwa imeisha, binti yangu alipiga hewa, na aliyemfundisha ni mimi. Sikutaja Nairobi. Yule kipa wa soko akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Fleshi, unarudisha pesa? Daktari amekwambia nini?"

Mwingine akasema, "Hata bao langu la penalti halipo?"

"Halipo."

"Lakini niliona nimepigwa!"

"Uliona binti yangu amepiga goti."

Walicheka, wakanizomea kidogo, wakaniita kiangazi kama zamani. Nilidhani nitaingia kwenye shimo. Nilikwenda nyumbani nikala wali sahani mbili. Hiyo ndiyo iliyonitia hasira, mwaitu, kwamba ni kitu kidogo hivyo. Dakika chache za kuzomewa. Na mimi nimezunguka soko maisha yangu yote kuziogopa.

Kamera nimekupa, ni yako, hata mbele ya mama yako nimesema. Piga mpira wao, piga mbio zao, tangaza bei kabla ya firimbi, na Mzee Salim akitaka ushushe bei mwambie kwanza afute vumbi kwenye kabati lake. Lakini filamu ikiisha, funika lensi. Ifunike watu wakiona, inua mkono, sema imeisha. Utapoteza depo kumi siku hiyo. Watakuita kiangazi, na ikiwezekana uwazomee pia. Jambo moja lingine na nimemaliza: mtu akikuuliza picha iko vipi kabla hujaiosha, usimwambie. Hata kama filamu imo, hata kama unajua umempata. Sema hujaiona. Mama Nzioka hakuibiwa shilingi mbili na mayai. Aliondoka uwanjani na picha niliyomchorea kwa mdomo, na ndiyo anayoiangalia mpaka leo. Hii ya punje haitafanana nayo. Haina miguu hewani. Ni kijana amekaa chini, ameinama.

Mama yako amerudi. Safari hii ameingia kabisa, amesoma juu ya bega langu, na unajua anavyosoma, midomo ikicheza. Amefika hapo kwenye bahasha. Hakuwa anajua. Mayai yale aliyakumbuka.

Halafu amesema, "Kwa hivyo unamtuma mtoto."

"Yeye anaenda huko. Mimi nina kazi."

"Kazi gani? Kesho ni Jumatatu, unapigaga nani Jumatatu?"

"Nani atabaki na studio?"

"Mimi. Nitawaambia wateja umeenda Nairobi." Akacheka vibaya, akatoka.

Nimekaa hapa na hilo neno. Jua limeshuka kwenye pazia, ile ndege imekuwa nyekundu upande mmoja. Wewe umemaliza kufua, nakusikia unaimba na kuharibu wimbo. Miaka yote nilimwambia yule mama kwamba picha yake iko mahali pengine, kwa mtu mwingine, itakuja. Na sasa nilikuwa namtuma mtu mwingine kutoka mahali pengine ailete. Ningekuwa nimekupa begi, kamera, na woga wangu umekunjwa ndani ya bahasha.

Kwa hivyo, Kalekye, nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha safari, kile cha kulia. Ukiisoma, usinijie na maswali usiku huu, nitajifanya nimelala. Asubuhi tuamke pamoja. Mwambie kondakta ni watu wawili mpaka Kibwezi, na pale tutapata basi lingine. Begi nitabeba mimi, jina likiangalia nje.

Tukishuka, utakaa karibu yangu. Nitamsalimu kwanza, nitamwambia kamera ilikuwa tupu, halafu ndiyo nitoe bahasha. Sitamwambia ni nani aliye ndani. Nitampa aangalie, na atakachosema ndicho kitakuwa. Akisema siye, tutakuwa tumekuja kusema tu ile ya kwanza, na hiyo peke yake inatosha nauli.

Lakini najijua. Nikifika pale, nikiona mikono yake juu ya kikapu, ulimi huu unaweza kurudia kazi yake ya zamani. Ukinisikia nafungua mdomo na kuanza, "Mama, unajua huko Nairobi..." nikanyage kidole gumba. Kwa kiatu. Kwa nguvu zako zote.

Baba yako,
Fleshi